Bampa la Mzee Semkiwa na Tangi Lililohama

Hapo zamani, na wala si zamani ile ya sungura kumdanganya fisi, ni zamani hii ya juzijuzi, ya magari yenye bampa za plastiki, palikuwa na mzee mmoja Muheza akiitwa Mzee Semkiwa. Sogeeni karibu mnisikilize vizuri, kwa sababu mwishoni nitawauliza swali, na safari hii sitaki mtu aniambie alikuwa anajibu simu.

Mzee Semkiwa alikuwa dereva. Maisha yake yote ya kazi alimwendesha meneja wa shamba la mkonge, na ukikaa naye hata kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa, lazima angekwambia, "Tangu nishike usukani sijagusa hata kuku." Alipostaafu akanunua gari lake mwenyewe, gari dogo jeupe, akaliita Mwali.

Mwali alilala chini ya turubai. Mwali aliogeshwa kila asubuhi kwa sabuni yenye povu na kukaushwa kwa kitambaa laini, wakati watoto wa nyumba ile waliogeshwa kwa kipande cha sabuni ya mche na kukaushwa na upepo. Na Mwali hakuvuka geti akiwa na kasoro. Taa ikiwa na ufa, hatoki. Kifuniko cha tairi kikipotea, hatoki. "Mwali hatoki uchi," Mzee alisema, na akalisema neno hilo mara nyingi mpaka sisi majirani tukawa tunalimalizia kabla yake. Hilo neno liwekeni akilini, nitalirudia.

Mabinti wote wa ukoo ule walipoolewa, walitolewa nyumbani na Mwali. Matarumbeta mbele, wanawake wakicheza katikati, gari nyuma taratibu, na Mzee Semkiwa kwenye usukani, koti limepigwa pasi, kofia imekaa sawasawa. Siku hizo alikuwa mzuri kumtazama, sitaki kumdhulumu.

Lakini macho ya Mzee yakaanza kuingia ukungu. Kwanza la kushoto, halafu la kulia. Ulikuwa mtoto wa jicho, ugonjwa ambao kila mtu anaujua na hospitali wanautibu. Ukimwambia Mzee aende hospitali, wakati wa kiangazi alisema ni vumbi, wakati wa masika alisema ni unyevu. Akaendelea kuendesha kwa kukumbuka. Kona ya kwanza aliijua kwa mlio wa mashine ya kusaga, kona ya pili kwa shimo la barabarani lililomrusha kitini. Honi yake ikilia, wauza machungwa walivuta matenga yao ndani, akina mama walikusanya watoto, wenye baiskeli waliziegemeza ukutani na kusubiri. Mtaa mzima ulimpisha. Naye alipita akitikisa kichwa kwa kuridhika, akisema moyoni kwamba watu wa Muheza bado wana adabu.

Nani alimwambia kwamba mtaa ulikuwa unamkimbia? Hakuna. Sisi majirani tulisema atamwambia mkewe. Mkewe alisema watamwambia watoto. Watoto walisema atamwambia imamu. Imamu, maskini, alikuwa amechoka kuhamisha viatu vya waumini kila Mzee alipokuja kuegesha.

Basi, alasiri moja, Mzee Semkiwa alikuwa anarudi nyuma uani kwake. Pale uani palikuwa na tangi la maji, limekaa juu ya nguzo za zege alizozijenga Mzee kwa mikono yake mwenyewe kabla hata mtoto wake wa kwanza hajaota meno. Mwali akaenda kinyumenyume, akaenda, akaenda, akagonga nguzo kwa kishindo kilichowatoa kuku wote uani. Bampa la nyuma likabonyea ndani na kupasuka, kutoka chini ya taa mpaka karibu na katikati.

Mzee akashuka. Akalipapasa bampa. Akaipapasa nguzo. Akasimama wima akauliza:

"Nani kahamisha tangi?"

Familia nzima ilikuwepo uani, na wote waliona. Alikuwepo Hemedi, mtoto wa kwanza wa kiume, mtu asiyekuwa na kazi maalumu lakini mwenye majibu yote, kwa kuwa simu yake ilimfundisha kila kitu. Alikuwepo Zaina, mtoto wa pili, mwenye saluni ya nywele na kucha karibu na stendi. Alikuwepo Hoza, mume wa Zaina, ambaye hajapata kukutana na kitu kilichovunjika asiseme anaweza kukitengeneza. Alikuwepo Salha, kitinda mimba, aliyekuwa anaolewa Jumamosi ya wiki ile na mtu wa Pangani. Na alikuwepo Bi Mwantumu, mke wa Mzee, mama yao.

"Nauliza, nani kahamisha tangi?"

Bi Mwantumu akakohoa. "Labda mvua ya juzi imelisogeza, Baba Hemedi."

"Ardhi ya huku inatitia sana, baba," akasema Hemedi.

"Na zege la siku hizi halitulii," akasema Hoza, wakati zege lile lilikuwa na umri kumpita yeye.

"Tutamtafuta aliyelihamisha," akasema Zaina.

Salha akafungua mdomo. Mama yake akamfinya mkononi. Salha akaufunga.

Jioni ile wakakaa jikoni, bila Mzee, na hapo ndipo walipopata ujasiri wa kusema. Jumamosi, mbele ya gari lile, watacheza wanawake wa mtaa mzima na watoto wao, wengine wakienda kinyumenyume wakiwa wamemtazama bibi harusi. Na nyuma yao atakuwepo dereva asiyeona tangi alilolijenga mwenyewe. Bi Mwantumu ndiye aliyelitamka hilo. Wakakubaliana wote kwamba Mzee lazima aachie ufunguo, si kwa siku moja, moja kwa moja. Kisha wakajadili nani atamwambia. Hemedi akamtazama Hoza. Hoza akasema yeye ni mkwe, hana ubavu. Zaina akasema ana wateja asubuhi.

Ndipo Bi Mwantumu akaenda kwa njia yake, njia ya mzunguko. Akamkuta mumewe barazani, akamwambia, "Baba Hemedi, safari hii wewe ukae kiti cha nyuma na binti yako. Ni kitinda mimba, hutapata mwingine wa kumsindikiza. Ufunguo mpe mtu. Mpe atakayelitengeneza bampa, si itakuwa haki?"

Mzee akafikiri. Gereji hakutaka kulipeleka. Alisema gereji bampa linaingia la kwako linatoka la jirani, lakini sisi tunajua sababu: mafundi wa gereji, kabla hawajashika kitu, huuliza kwanza umegonga nini. Akawaita wote, akasema kwa sauti ya mtu anayejua hatapoteza kitu:

"Mtu atakayeliponya bampa hili, hapa hapa nyumbani, likarudi kama lilivyokuwa, ufunguo wa Mwali ni wake mpaka nife. Mkishindwa, mnajua. Mwali hatoki uchi."

Hapo ningeomba mnyamaze kidogo mfikiri. Yeye mwenyewe amesema: bampa likibaki limevunjika, gari halitoki. Gari lisipotoka, hakuna atakayekanyagwa. Dawa ilikuwa imelala pale uani bila gharama. Salha akasema hivyo hivyo, "Basi tuliache. Nitakwenda kwa miguu." Wakamgeukia wote kama aliyetukana. Binti wa Mzee Semkiwa atembee kwa miguu, watu wa Pangani waone? Na mbele ya macho ya kila mmoja, isipokuwa Salha, palikuwa panang'aa ule ufunguo.

Akaanza Hemedi.

Hemedi aliangalia video kwenye simu, akaruka mwanzo kwa sababu ulikuwa mrefu. Mwanzo huo ndio ulioeleza namna ya kulitoa bampa bila kuvunja vishikizi vyake. Kwa hiyo Hemedi alilitoa kwa kulivuta, vishikizi vikalia kah, kah, kah, naye akaviokota akavitia mfukoni kabla mtu hajaona. Kisha akachemsha maji kwenye sufuria la pilau, akalimwagia bampa kwenye bonde, pale lilipobonyea, akaingiza mkono kwa ndani na kusukuma. Na kweli, nawaambia kwa haki, plastiki ile ililainika, ikasukumika, bonde likatoka nje na kuondoka. Tukapiga makofi.

Angeishia hapo angekuwa shujaa. Lakini akaufuata ufa. Akaujaza gundi ile inayoshika papo hapo, akanyunyiza majivu, akaushikilia ufa kwa kidole gumba ili ukae. Ufa haukukaa. Kidole kilikaa. Hemedi akashinda asubuhi nzima ameinama pembeni ya bampa, akiomba chai ya kuletewa, mpaka mama yake alipomwokoa kwa mafuta ya kupikia na subira. Mzee akaja na bakora yake, akaligonga bampa mara moja, ufa ukafunguka kutoka mwanzo hadi mwisho.

Akafuata Hoza.

Hoza akasema gundi ni ya watoto wa shule. Plastiki, alisema, huungwa kwa moto, kama chuma. Akapasha msumari kwenye jiko la mkaa, akatoboa tundu dogo pale ufa ulipoishia, ili usiendelee kutembea. Hilo lilikuwa jambo la maana. Akapasha bisibisi mpaka ikawa nyekundu, akakata vipande vya dumu la mafuta, akaviyeyushia ndani ya ufa. Ulipopoa, akaliinua bampa kutuonyesha, na kipande cha dumu kikabanduka chote kikaanguka kama ukoko. Akarudia. Kikabanduka. Akarudia.

Ndipo alipoligeuza bampa na kuona herufi zimechapwa kwa ndani, zile zinazotaja aina ya plastiki, akakumbuka kwamba plastiki haipatani na plastiki isiyo ndugu yake. Akaanza kuzunguka nyumba nzima akipindua vitu kutafuta herufi zilezile. Alipindua viti, wageni wakiwa wamekaa. Alipindua ndoo zenye maji. Alipindua poti la mtoto wa jirani, akajuta. Herufi zile alizipata mahali pamoja tu: chini ya beseni jekundu la Bi Mwantumu.

Beseni lile alipewa na mama yake mzazi siku alipotoka kwao kuja kuolewa. Humo aliwaogesha Hemedi, Zaina na Salha. Lilikuwa limefifia rangi lakini halikuwa na ufa hata mmoja, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuloweka nguo ndani yake.

"Mama," Hoza akasema, na safari hii hakuwa na maneno mengine.

Bi Mwantumu akalishika beseni mapajani. Akatazama uani, akaliona lile tangi. Kisha akachukua kisu, akalikata mwenyewe, ukanda baada ya ukanda, uso wake ukiwa mkavu. Akaongeza na chujio la chai, maana Hoza alitaka wavu wa waya wa kulaza ndani ili kiungo kishike. Machozi yalikuja baadaye, alipokuwa anatwanga vitunguu saumu, akasema ni vitunguu saumu.

Plastiki ile ikashikana na bampa. Hoza akaikandamiza kwa bisibisi ya moto, ikayeyuka ikaingia, ikawa kitu kimoja. Mzee akaligonga bampa kwa bakora, likarudisha mlio wa kitu kizima. Hoza akachoma kiganja chake na hakulia. Lakini Mwali mweupe sasa alikuwa na kovu jekundu la upana wa mkono, na vishikizi hakuna, maana vilikuwa mfukoni mwa Hemedi. Hoza akalirudisha bampa garini kwa kulifunga pande zote mbili kwa kamba ya mkonge, akaficha mafundo kwa chini.

Akafuata Zaina.

Zaina akamtazama mumewe, akalitazama kovu, akasema, "Hii ndiyo kazi uliyojisifia tangu juzi?" Akafunga saluni na mteja mmoja ameshasukwa nusu ya kichwa. Akaja na drya yake ya kukaushia nywele, msasa, makopo ya rangi ya kupuliza, puti ya kuzibia mikwaruzo, ile laini ya plastiki isiyopasuka ikipindishwa, na vidole vyake. Kwa maana mtu anayelainisha kucha za watu kutwa nzima, kovu la bampa kwake ni kucha kubwa. Akalisugua kwa msasa mkavu, akapaka puti, akasugua kwa msasa wa maji. Akapuliza rangi ya chini, akakausha kwa drya. Akapuliza rangi nyeupe, nyembamba, akakausha, akapuliza tena. Hemedi akamwambia apake nyingi mara moja amalize. Zaina akamwambia akabandike kidole chake mahali pengine.

Nyeupe yake na nyeupe ya gari hazikufanana sana, moja ilikuwa ya maziwa na nyingine ya jokofu. Mpaka wa rangi hizo mbili akaufuta kwa rangi ya kucha, kwa kibrashi kidogo, akiwa ameshikilia pumzi. Alipomaliza, nami niliinama kutafuta kovu nikalikosa.

Jumamosi ikafika. Matarumbeta yakafika. Watu wa Pangani wakafika wamevaa vizuri kuliko ilivyohitajika. Salha akaketi kiti cha nyuma na shela lake, mkono mmoja juu ya kiti kilichoachwa wazi kwa ajili ya baba yake. Wanawake wakajipanga mbele ya gari, watoto mbele ya wanawake, ngoma ikaanza.

Mzee Semkiwa akapitisha kiganja chake juu ya bampa la nyuma, kutoka taa hadi taa. Polepole. Akarudi, akapitisha tena. Uso ukamsawijika, maana hakutegemea kulikuta limepona.

"Limepona," akasema. "Nani mwenye ufunguo?"

Hemedi akatangulia. "Ni mimi, baba. Kama si maji yangu ya moto, bampa lingebaki na bonde, na bonde huwezi kuliunga wala kulipaka rangi. Mimi ndiye niliyelirudishia umbo. Wengine wamekuja kwenye kitu kilichokwisha kunyooka."

"Umbo lenye ufa," akasema Hoza. "Ni mimi, baba. Kama si moto wangu, ungekuwa na vipande viwili vilivyonyooka vizuri sana. Mimi nimeunga. Tazama kiganja changu kilivyoungua."

"Umeunga kitu chekundu kwenye gari jeupe," akasema Zaina. "Ni mimi, baba. Ulisema lirudi kama lilivyokuwa. Kabla sijalishika, nani angekubali kutoka nalo? Kama si mkono wangu, Salha angepitishwa mjini na kidonda nyuma ya gari."

Bi Mwantumu akasema kwa sauti ndogo, na ndiyo maana wote walimsikia. "Na mimi je? Hoza alikuwa na moto, na moto wenyewe ulikataa mpaka nilipotoa beseni langu. Ukilipasua bampa lile leo, ndani yake utanikuta mimi na mama yangu. Kama si beseni langu, kuna kilichopona hapa?"

Basi ikawa kelele. Maji yangu. Moto wangu. Mkono wangu. Beseni langu. Hemedi akamkumbusha Hoza vile vipande vya dumu vilivyobanduka. Hoza akamkumbusha Hemedi kidole. Zaina akawakumbusha wote wawili kwamba wanakula kwake. Watu wa Pangani walisimama wakisikiliza kwa adabu, yaani kwa furaha. Na hakuna aliyekumbuka kwa nini ufunguo ule ulitakiwa kutoka mkononi mwa Mzee.

Mzee Semkiwa akainua bakora, wakanyamaza.

"Nilisema mtu," akasema. "Sikusema kamati. Hakuna aliyeliponya peke yake, kwa hiyo hakuna mwenye ufunguo. Nitaendesha mwenyewe."

Akafungua mlango wa mbele, akapapasa kiti, akaketi. Akawasha gari.

Sasa watazameni wale wanne. Mbele ya gari wanawake wanacheza, wengine wamegeuka wanakwenda kinyumenyume. Mtoto mmoja ameinama katikati ya njia, anaokota pipi. Gari linaunguruma. Hemedi akamtazama Hoza. Hoza akamtazama mkewe. Zaina akamtazama mama yake. Bi Mwantumu akafungua mdomo, akasema, "Baba Hemedi, endesha polepole."

Hilo ndilo alilolisema. Polepole.

Ndipo Salha akasema kutoka kiti cha nyuma, "Baba, nisubiri kidogo. Shela langu limenasa."

Akashuka. Akazunguka nyuma ya gari, akapiga magoti mavumbini na shela lake, akaingiza mkono chini ya bampa akalitafuta fundo la kwanza la kamba ya mkonge. Akalifungua kwa kucha zilezile alizopakwa na dada yake, na mbili zikavunjika. Upande mmoja ukalegea. Akahamia wa pili. Kisha akasimama, akalishika bampa kwa mikono miwili, akalivuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo, likatoka likaanguka chini kwa mlio uliosikika juu ya matarumbeta.

Ngoma ikakatika.

"Nini hicho?" akauliza Mzee.

"Bampa lako, baba," akasema Salha. "Mwali yuko uchi." Akaligeukia tangi. "Na tangi halijahama. Liko pale pale ulipolijenga."

Bi Mwantumu alinyoosha mkono kumfinya, lakini hakumfikia.

Mzee akazima gari.

Na wale wengine? Hoza aliinama, akaligeuza bampa pale chini, akasema kwa fahari, "Tazameni, kiungo changu hakijaachia." Kweli hakikuachia. Bonde halikurudi. Rangi haikuchubuka. Bampa lilikuwa zima kabisa, limelala mavumbini peke yake, kila mtu na sehemu yake ndani yake. Hemedi alikuwa na mkono mfukoni, akivipapasa vishikizi.

Salha akalikung'uta shela. Akamwambia kiongozi wa matarumbeta, "Twendeni." Akaenda kwa miguu, katikati ya wanawake wale, wakacheza wakimzunguka mpaka wakakata kona ya mashine ya kusaga. Watu wa Pangani, waliokuwa wamekuja kumpokea bibi harusi wa garini, wakavua viatu vyao vipya wakafuata.

Uani wakabaki wale wanne, nami kwenye ua wangu, na Mzee ndani ya gari. Akauchomoa ufunguo. Akautoa mkono dirishani, ufunguo umelala juu ya kiganja.

"Sioni," akasema.

Sikuwa nimepata kumsikia akilisema neno hilo kabla ya siku ile. Alilisema taratibu, kama mtu anayetaja jina la mtu aliyekufa.

"Sioni," akarudia. "Anayestahili aje auchukue."

Mikono minne ikaja dirishani, mmoja baada ya mwingine. Mzee akaigusa kwa vidole vyake. Kwenye mmoja akakuta gundi iliyokauka kwenye kidole gumba. Kwenye wa pili akakuta malengelenge ya moto. Kwenye wa tatu akakuta rangi nyeupe pembeni ya kucha. Wa nne ulikuwa umekunjika na umepoa, na huo aliujua tangu zamani, akaushika kwa muda zaidi kuliko mingine. Lakini ufunguo hakuuachia.

"Na wa Salha uko wapi?"

"Kashakwenda, baba," akasema Zaina. "Kaenda kwa miguu."

Haya, sasa ni zamu yenu. Na msinijibu harakaharaka. Mkisema Hemedi, mnajua nani alivunja vishikizi akavificha. Mkisema Hoza, zile kelele mlizisikia. Mkisema Zaina, hata yeye alikuwepo kwenye kelele zile. Mkisema Bi Mwantumu kwa ajili ya beseni lake, kumbukeni nani aliyesema mvua imelisogeza tangi. Na mkikimbilia kusema Salha, kwa sababu naona tayari midomo inafunguka, basi mniambie: Mzee aliahidi ufunguo kwa atakayeliponya bampa, je, ampe yule aliyeling'oa? Na yeye mwenyewe, aliyeliona jambo tangu siku ya kwanza, kwa nini alikubali kufinywa?

Semeni basi. Mzee wa watu bado amenyoosha mkono dirishani, na mkono umeanza kumuuma. Je, nani alistahili ufunguo ule?